Chokaa Haikai na Saruji: Wasomaji Wauliza Kuhusu Vijiji vya Kale

Toleo lililopita tulikieleza kijiji kidogo cha mashambani Uingereza: kanisa la mawe, uwanja wa majani katikati, nyumba chache za udongo au mawe zilizoezekwa kwa nyasi, na wenyeji wanaozitunza kama mboni ya jicho. Barua zilizokuja hazikuishia Uingereza. Wengi mmeuliza habari za nyumba zenu, hapa Lamu na Malindi, na tumefurahi, kwa sababu maradhi ya nyumba hizi na za kule yanafanana kuliko mtu anavyodhani. Tunaanza na barua ya Shela, kisiwani Lamu. Wasomaji kadhaa wameleta swali hilohilo, kila mmoja kwa maneno yake.

Asalaam aleikum. Nyumba yetu ya mawe tumeirithi kwa babu. Miaka mitatu iliyopita fundi aliibandua chokaa ya zamani, akapiga plasta ya saruji na kupaka rangi ya mafuta. Sasa rangi inafura malengelenge, plasta inaanguka vipande vipande na nyuma yake mna unga mweupe. Unyevu uliokuwa ukifika magotini sasa uko kifuani. Fundi anashauri tuongeze saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Tufanyeje? (Bi M., Shela)

Wa aleikum salaam, bibi. Saruji usiongeze. Hiyo dawa ya kuzuia maji ndiyo itakayoupeleka unyevu mpaka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani.

Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake nusu mita hivi, na chini hauna kitu cha kuzuia maji ya ardhini. Maji hayo, tena ya chumvi kwa kuwa mko ufuoni, huupanda ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Zamani yakipanda kidogo hupata njia ya kutokea kwenye chokaa, upepo ukayakausha, mambo yakaisha. Ukiiziba njia hiyo, maji hayarudi chini. Yanaendelea kupanda mpaka yapate pa kutokea. Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yakikauka nyuma ya saruji, chumvi hubaki na kugeuka chembe, chembe zikakua, na zinapokua hulipasua jiwe. Okota kipande kimoja cha plasta iliyoanguka ukigeuze: utaona vitundu vya matumbawe vimegandamana nacho. Si plasta peke yake inayoanguka, ni ngozi ya ukuta.

Kabla ya kugusa kitu, tafuta maji yanaingilia wapi. Anzeni na birika ya chooni. Ijazeni jioni, mtie alama ya penseli kwenye usawa wa maji, na asiichote mtu mpaka asubuhi. Yakishuka upana wa kidole, birika inavuja ndani ya ukuta, na kazi yoyote mtakayofanya nje ya hapo ni bure. (Mkiikausha kuitengeneza, wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wahamishieni kwenye ndoo, mtawahitaji tena.) Halafu angalieni milizamu ya darini: mlizamu uliovunjika hurudisha maji yote ya mvua ukutani. Mwisho pimeni ardhi ya nje. Mara nyingi uwanja umeongezwa mchanga na saruji mwaka hadi mwaka mpaka umekuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Ushusheni uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau.

Kisha bandueni plasta ya saruji kwa patasi na nyundo ndogo mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu. Mashine ya umeme isikaribie, kwa sababu inatikisa mawe yaliyoshikwa na chokaa ya miaka mia mbili. Tandikeni turubai chini, mfagie ukuta kwa brashi ngumu, kavu, kila wiki chumvi inapochomoza, na mkaitupe mbali. Msiuoshe, maji huiyeyusha chumvi ikarudi ndani. Uacheni ukuta uchi msimu mzima wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Tunajua ni vigumu kuishi na ukuta uchi miezi minne, ila ukuta mnene hukauka kwa miezi, na aliyepiga chokaa juu ya maji ataibandua tena.

Chokaa ya tanuri, ile ya matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, ndiyo bora ikipatikana. Ya mfuko wa dukani pia inafaa kama haijakaa ghalani ikashika unyevu. Ilowekeni ndani ya pipa, maji yaifunike kwa upana wa kidole, wiki mbili au zaidi, mpaka iwe kama samli iliyoganda. Chokaa hai isiyozimwa huchemka ikikutana na maji: itieni chokaa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe msiyamwage maji juu ya chokaa. Vaeni glavu, na ikimwingia mtu jichoni aoshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kisha apelekwe zahanati.

Mchanga usiwe wa pwani. Wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua. Mafundi wazee huonja: punje chache kwenye ncha ya ulimi zinatosha kujua. Changanyeni debe 1 la chokaa iliyolowekwa na madebe 3 ya mchanga mkavu, mfinyange kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani inatosha, na msitie saruji hata kijiko. Mafundi wengi hutia "kidogo tu ishike haraka." Saruji kidogo hushika kabla chokaa haijashikana, na mnapata plasta isiyo na nguvu ya saruji wala ulaini wa chokaa.

Lowesheni ukuta. Mashimo makubwa yajazeni kwanza kwa vipande vya matumbawe na chokaa. Kujaza shimo kwa plasta tupu ndiko kunakoleta nyufa. Tabaka la kwanza lirusheni kwa mwiko, lisizidi milimita 12, mlikwaruze likiwa bado bichi. Ngojeni wiki moja au siku kumi, mpaka ukucha wa kidole gumba usiache alama. La pili milimita 8 hadi 10. La mwisho milimita 3, kwa mchanga uliochekechwa. Tundikeni magunia mabichi mbele ya kazi na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Hugeuka jiwe upya kwa kuvuta hewa ileile tunayoitoa puani, na kazi hiyo inataka unyevu. Ikikaushwa na jua la mchana hubaki unga, na hapo watu husema chokaa ni dhaifu.

Rangi iwe chokaa maji, nyepesi kama maziwa, mikono 4, kila siku mkono mmoja juu ya ukuta uliolowanishwa. Unapoipaka huonekana kama hukupaka kitu, ikaja kuwa nyeupe kesho yake. Asiyejua huiongeza uzito, nayo hubanduka kama magamba. Wapo wanaotia chumvi ndani yake ili ishike. Kwa ukuta wenu, hapana.

Miaka mitano sita baadaye mita ya chini inaweza kuharibika tena. Msivunjike moyo: chokaa inaipokea chumvi kwa niaba ya jiwe. Kubandua mita moja ya chokaa ni kazi ya siku chache, na jiwe la matumbawe lililooza halina mbadala dukani.

Binamu yangu anaishi kijijini Uingereza. Anasema madirisha ya mbao yameoza lakini amekatazwa kuweka ya plastiki, ingawa nyumba ni mali yake. Ni kweli mtu anakatazwa nyumba yake? Na hapa kwetu je? (Msomaji, Malindi)

Ni kweli. Kule majengo ya kale huwekwa kwenye orodha ya taifa, utaratibu uliopata nguvu kwa sheria ya mipango ya 1947. Madaraja ni matatu: la kwanza, la pili lenye nyota, na la pili. Majengo ya daraja la kwanza, makanisa makuu na mfano wake, ni kama 2.5 kwa mia tu ya orodha. Zaidi ya tisa katika kila kumi ni la daraja la pili, na humo mna vibanda vya vibarua wa shamba, ghala, daraja la mto, hata kisima. Orodha huishika nyumba nzima ndani na nje: ngazi, milango, dari, na hata ukuta wa uani kama ulikuwepo kabla ya 1 Julai 1948. Kubadili bila kibali ni kosa la jinai. Juu ya hapo, kijiji chote kinaweza kutangazwa eneo la hifadhi, kwa sheria ya mwaka 1967. Maeneo ya namna hiyo England ni kama 10,000, na ndani yake hata mti haukatwi bila kutoa taarifa ya wiki sita kwa baraza.

Dirisha kwa nini? Kwa sababu la mbao hutibika. Kinachooza kwanza ni mbao ya chini na miguu ya fremu, sentimita 10 au 15 hivi. Seremala hukata palipooza kwa mshazari, akaunga mbao mpya ya aina ileile, na dirisha likaendelea. La plastiki likichoka halitibiki, hutupwa. Mwaka 1877 mbunifu na mwandishi William Morris na wenzake waliunda jumuiya ya kulinda majengo ya kale, kwa kuwa makanisa ya vijijini yalikuwa yakikwanguliwa na kujengwa upya ili yaonekane "ya kale zaidi." Msimamo wao ulikuwa kutengeneza kilichopo kidogo kidogo na kwa wakati, na kipande kipya kisijifanye cha zamani. Tunaupenda msimamo huo, na tunatamani kila anayerudishia nakshi za mlango hapa Lamu aufuate.

Mwambie binamu yako atazame nyumba za vijiji vingine. Za vilima vya Cotswold ni mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Suffolk ni fremu za mwaloni zilizojazwa fito na udongo, ndugu wa nyumba zetu za kukandika. Norfolk ni mawe ya gumegume, Cornwall ni matale, Devon ni udongo mtupu uliokandwa na majani makavu, kuta za sentimita 60 na zaidi. Kabla ya reli, kulisafirisha jiwe mbali kulizidi bei ya jiwe lenyewe, basi kila kijiji kilijengwa kwa kilichokuwa chini ya miguu yake. Ndivyo ilivyokuwa hapa: mawe ya kisiwa cha Manda, boriti za mikokoni, chokaa ya tanuri la jirani.

Bi M. wa Shela asome na hili. Wajenzi wa Devon wana msemo kwamba nyumba ya udongo ipewe kofia nzuri na viatu vizuri, yaani paa linalotoka nje ya ukuta na msingi wa mawe, itadumu. Karne iliyopita nyingi zilipigwa plasta ya saruji. Ikapasuka, mvua ikaingia kwenye ufa na kukosa pa kutokea, udongo wa chini ukarudi kuwa tope, na kuta zikaporomoka.

Wala kuhifadhi si kukataza matumizi mapya. Ule mstari wa nyumba za Bibury, kijiji cha Cotswold, unaopigwa picha na kila mgeni, Arlington Row, ulijengwa mnamo 1380 kama ghala la sufu. Ulikuja kugeuzwa nyumba za wafumaji katika karne ya 17. Mawe ni yaleyale.

Hapa kwetu, Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa eneo la hifadhi 1986 na kuingia kwenye urithi wa dunia 2001. Eneo lenyewe ni dogo, hekta 16 hivi. Gedi imeingia 2024. Sheria inayotumika ni ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Kama nyumba ni ya kale, au iko jirani na kaburi la mnara au msikiti wa kale, nenda ofisi ya Makumbusho kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa vifaa. Chukua picha za kila upande, mchoro wenye vipimo, na orodha ya vifaa utakavyotumia. Anayeenda na fundi wake huelewana nao haraka kuliko anayeenda na karatasi peke yake.

Nyumba ya marehemu baba, Langoni, ina orofa. Boriti tatu za dari zimeliwa. Mwanangu anataka tumwage zege la sentimita 10 juu ya dari, bila kung'oa kitu. Litafaa? (Mzee wa Langoni)

Mzee wetu, tupige hesabu pamoja. Zege la sentimita 10 lina kilo 240 kwa kila mita mraba. Chumba cha urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.6 ni mita mraba 15.6, hizo ni kilo 3,744, juu ya dari ambayo tayari ni nzito, na zitabebwa na boriti zilezile zilizoliwa. Chuma cha ndani ya zege nacho, kwa hewa yetu ya chumvi, hushika kutu, kutu hufura, na zege hupasuka kutoka ndani.

Vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu kwa sababu ya mti. Boriti ya mkoko iliyonyooka na yenye unene wa kutosha haibebi salama zaidi ya mita 3 hivi, na waliojenga walijua.

Chukua bisibisi nyembamba uchome kila boriti, kuanzia ukutani, kila shubiri. Kinachooza kwanza ni kichwa kilichozikwa ukutani, katikati huwa bado ngumu kama chuma. Ikizama kwa urahisi zaidi ya sentimita 2, boriti hiyo ibadilishwe. Tegemeza kwanza: mbao nene chini ya boriti zote, ikikingwa na nguzo, upande huu na upande huu, na uzito wa nguzo ufike mpaka ardhini, usiishie kwenye sakafu ya orofa. Toa boriti moja tu kwa wakati mmoja. Mpya iwe imebanduliwa gome na kukaushwa kivulini. Iingie ukutani sentimita 15 hadi 20, ikalie jiwe bapa lililolazwa kwa chokaa, na pembeni na juu ya kichwa uache nafasi ya kidole ipite hewa. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika: fundi hukijaza chokaa pande zote "kishike," nacho huoza tena.

Ukinunua, jua majina. Mazio ni sentimita 8 hadi 11 kwa unene, boriti ni 11.5 hadi 13.5, nguzo huanza 14. Mwenye kukuuzia mazio kwa jina la boriti anakupunguzia nguvu karibu nusu. Korja ni miti 20. Dai karatasi ya kibali cha Huduma ya Misitu, kwani mikoko haikatwi ovyo.

Nyufa za juu ya dari zijazwe chokaa na kokoto ndogo za matumbawe, zipigiliwe kwa vibao mpaka maji ya chokaa yatokeze juu. Kulainisha kwa mwiko tu hakutoshi. Kupigilia ndiko kunakofunga vitundu. Zamani kazi hii ilifanywa na kundi zima, kwa nyimbo, siku kadhaa.

Makuti yangu yana miaka miwili na yanavuja. Nyasi za Uingereza zinadumuje miaka 40? (Msomaji, Mambrui)

Pima mteremko. Kwa kila mita 1 ya kwenda mbele, paa lipande mita 1. Likilala zaidi ya hapo maji hutembea polepole na kupenya. Kisha pima nafasi kati ya safu na safu: iwe kiganja kimoja, sentimita 10. Fundi aliyeitanua ikawa 20 amekuokolea nusu ya makuti na kukunyima zaidi ya nusu ya umri wake. Makuti yaliyopigwa vizuri hukaa miaka mitano hadi saba.

Matete ya Norfolk ni magumu na matupu ndani, hulazwa unene wa sentimita 30 kwa mteremko mkali wa digrii 50 hivi. Maji hulowesha sentimita chache za juu tu. Hata hivyo kilele hubadilishwa kila miaka 10 hadi 15. Watu husahau hilo. Kule Devon mwezekaji huweka nyasi mpya juu ya za zamani, na chini kabisa ya baadhi ya mapaa mna nyasi zenye masizi ya meko ya karne za kati. Usiige hilo. Makuti ya zamani hushika unyevu na kuyaozesha mapya, yang'oe yote. Moshi wa jikoni, huo uache: wadudu wanauchukia huku na huko.

Ni mwalimu, Siyu. Wanafunzi wangu wanataka kuandika historia ya kijiji. Waingereza wana madaftari ya kanisa, sisi tuanzie wapi?

Ni kweli wana bahati ya karatasi. Mwishoni mwa 1085 mfalme William aliagiza vijiji vihesabiwe, plau zake, vinu vyake, hata nguruwe, na hesabu ya 1086 ikaingia katika daftari liitwalo Domesday. Kuanzia 1538 kila kanisa liliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Tangu 1836 zikachorwa ramani za zaka zinazoonyesha kila konde na mwenye kulilima. Lakini karatasi hizo zinamwona mlipaji zaka na marehemu, hazimsikii mtu akisema. Ninyi mnaye anayesema.

Anzeni na majina. Kila mtaa, kisima, mti mkubwa, njia, bandari ndogo ya kushukia: jina lake, na kwa nini linaitwa hivyo, kwa wazee watatu tofauti, bila kuwakutanisha. Wasipokubaliana andikeni yote matatu. Mwanafunzi atenge safu mbili daftarini, moja "ameona" na nyingine "amesikia," na aulize kila mara: hili uliliona au uliambiwa? Swali hilo moja linazidi thamani kurasa nyingi. Tarehe wazee huzishika kwa matukio, mvua kubwa au ndoa ya fulani. Yaandikeni kama walivyosema, hesabu itafuata.

Kisha makaburi. Msikwangue maandishi kwa brashi ya waya, wala msipake chokaa juu ya herufi "zionekane." Nendeni alfajiri au alasiri jua likiwa chini, myapige picha mwanga ukitoka ubavuni. Herufi zilizofutika mchana hujitokeza zenyewe. Wekeni fimbo ya mita 1 pembeni ya kila picha. Mwaka wa Hijria ugeuzeni hivi: zidisheni kwa 0.97, mjumlishe 622. Mkikuta 1245, hiyo ni 1829 na kitu, wakati Msikiti wa Ijumaa wa Shela ulipojengwa. Ombeni pia kuona hati za wakfu na za mauziano zilizoko majumbani. Mipaka inayoandikwa humo, kaskazini nyumba ya fulani, kusini njia ya kwenda kisimani, ndiyo ramani yenu ya zaka. Pigeni picha palepale, hati isitoke nyumbani kwa mwenyewe.

Ule uwanja wa majani katikati ya kijiji ni wa nani? (Msomaji, Malindi)

Aghalabu ni wa baraza la parokia, mabaraza ya kiraia yaliyoanzishwa 1894. Kijiji kisicho na hati nacho kinaweza kuusajili: wenyeji wakithibitisha wameutumia kwa michezo na mapumziko miaka 20, bila kificho, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, sheria ya 2006 huwatambulia haki ya kuendelea kuutumia, hata kama ardhi ni ya mwingine, na haujengwi tena. Ushahidi ni picha za zamani na watu wazima wanaokumbuka. Anayeujua uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu, na nani hukaa pale jioni, hahitaji kuelezwa zaidi.

Vijiji hivyo vizuri vina watu kweli? Hapa Shela nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni, zinafungwa miezi kumi. (Kijana, Shela)

Umeuliza jambo zito. Vingi vina hali yako. Bei imepandishwa na wanaonunua nyumba ya pili ya likizo, vijana wa pale wanapanga mjini, shule inakosa watoto na duka linafungwa. Nyumba yenyewe nayo huumia ikifungwa. Bila madirisha kufunguliwa na jiko kuwashwa, unyevu hutuama, na ufa mdogo hauonwi na mtu mpaka uwe mkubwa.

Wamejaribu mambo mawili yanayofaa kujulikana. Tangu Aprili 2025 mabaraza ya England yanaweza kutoza nyumba ya pili kodi ya baraza mara mbili. Na kwa sheria ya 2011, wanakijiji wanaweza kuorodhesha duka, ukumbi au mkahawa kuwa mali yenye faida kwa jamii. Mwenyewe akitaka kuuza, wanaweza kupata hadi miezi sita ya kuchanga fedha wanunue wao. Sheria haimlazimishi kuwauzia, inawapa muda tu, na vijiji kadhaa vimeutumia muda huo vikaokoa duka lao.

Sisi tuna chombo cha zamani kuliko hivyo, nacho ni wakfu. Nyumba iliyowekwa wakfu kwa dhuria, yaani kizazi cha mwenyewe, haiuzwi, haigawanywi vyumba kwa mirathi, na wajukuu hukaa humo. Inayowekwa wakfu kwa msikiti hupangishwa, na kodi yake hutengeneza jengo kwanza kabla ya matumizi mengine. Wakfu nyingi hapa zimepotea kwa sababu zilisemwa kwa mdomo. Kama wazee wako wana nia hiyo, iandikwe mbele ya kadhi na mashahidi, itajwe mipaka minne kwa majina ya majirani na kwa vipimo vya mita, atajwe msimamizi na atakayemrithi, na yaandikwe wazi mambo matatu: nani ana haki ya kukaa, nani analipa chokaa na boriti, na sehemu gani ya kodi hairuhusiwi kutumika kwa kitu kingine ila matengenezo. Nakala moja ikae kwa kadhi, moja kwa Makamishna wa Wakfu, na moja mbali na nyumba yenyewe, ambako mvua na mchwa haviifikii.